Mraba wa Jemadari Harrison

Kitendawili: shimo alilowaonyesha wenzake asubuhi, mchana kalitumbukia mwenyewe. Usihangaike kutegua. Huyo ni Harrison, msimamizi wa walinzi kwenye mnara mmoja huko ughaibuni, pale Jumeirah Lakes Towers.

Ijumaa moja ya mwezi wa Mei, walinzi walikuwa kwenye basi la kampuni wakielekea mtaa wa Silicon Oasis kucheza mpira na vijana wa pikipiki za kupeleka chakula. Njia nzima Harrison alimsimanga Krasus, yule jemadari wa Roma ya kale.

"Tajiri wa kutupwa, lakini wivu unamla. Majemadari wenzake, Pompeo ana ushindi wake, Kaisari ana wake, yeye sifa yake pesa. Basi akavuka mto Frati kuwatafuta Waparthi, akaburuta askari wenye kiu mpaka Harani, ile ya Abrahamu. Waparthi wako juu ya farasi, wanakimbia huku wamegeuka nyuma wanapiga mishale. Yeye kasimama ndani ya mraba, anangoja mishale iishe. Bure kabisa."

"Na wewe wivu huna, mkubwa?" aliuliza Linus, dereva wa basi.

Walinzi walicheka chini chini. Wasimamizi wenzake, Ken na Evans, walishaleta vikombe vya ushindi. Harrison akifungwa leo, unahodha wa timu unaondoka. Hata hivyo hakuleta mchezaji wa akiba hata mmoja. Watu wengi hugawana sifa, alisema, saba wanatosha.

Walipofika, jua lilikuwa utosini.

"Wape maji kwanza, wakae kivulini," Linus alisema.

"Yalla, tunaingia. Tukikaa watasema tunaogopa."

Akawapanga mraba, yeye katikati kama kiini cha yai. Saif, nahodha wa pikipiki, Mzanzibari mwembamba kama ufito, hakuusogelea. Vijana wake walirudi nyuma wakiuvuta, mraba ukatanuka, mpira ukapita. Bao la kwanza. La pili.

"Vumilieni," Harrison aliwaambia wenzake. "Watachoka."

Wachoke vipi? Kila mara pikipiki iliegeshwa kando ya uwanja, kijana aliyetoka kupeleka biriani ya watu akavua helmeti na kuingia na pumzi mpya. Aliyechoka akatoka kufuata oda nyingine. Waparthi nao walikuwa na ngamia waliosheheni mishale ya akiba. Kule kwenye basi Harrison aliwasahau. Sasa aliwakumbuka.

Sita kwa bila.

"Karibuni tule, ndugu zangu," Saif alisema. "Pilau ipo."

Harrison alijua Krasus naye aliitwa na Waparthi hivyo hivyo kwa maneno matamu, akaenda na hakurudi. Akasema wana haraka.

"Haraka ya nani? Ufunguo wa basi ninao mimi," Linus alisema.

"Maji umetunyima, mkubwa," mlinzi mmoja akaongeza. "Na pilau pia?"

Wakamtanguliza kama ng'ombe wa mahari.

Mkekani Saif alisimama, akatoa kitambi asichokuwa nacho, akimwiga Harrison. "Vumilieni," alisema kwa sauti nzito, "watachoka." Walinzi walicheka mpaka mmoja akapaliwa na wali.

"Msicheke sana," Harrison alisema. "Baadaye Warumi waliwapiga Waparthi."

"Chini ya jemadari gani?" Saif aliuliza.

Harrison alitafuna polepole. "Ventidio. Mtu aliyekuwa akikodisha nyumbu na magari ya kukokotwa."

Mkeka mzima ukamgeukia dereva wa basi. Linus alilamba mafuta vidoleni, akamnyooshea Harrison mkono apewe kitambaa cha nahodha.