Chupa Iliyong'aa

Mimi uchafu siuwezi. Hata wanangu huniita Bi Sabuni, na sijawahi kukasirika. Ndiyo maana mdogo wangu alipotoka hospitali na kuja kuuguzwa kwangu, kilichonichefua hakikuwa kidonda. Titi lake la zamani lilikatwa kwa saratani, wakamtengenezea jipya kwa nyama ya tumbo lake mwenyewe, na lilipendeza. Lakini ubavuni alining'iniza chupa ya plastiki iliyopokea majimaji mekundu kwa mrija. Hiyo sikuivumilia.

Daktari alituonya. "Kwa unene huu kidonda kinaweza kugoma kupona. Mrija hautoki mpaka majimaji yapungue. Kila asubuhi someni chupa, mtuambie."

"Basi niache kula," mdogo wangu alitania.

"Ukiacha kula ndiyo hutapona kabisa."

Kila alfajiri, yeye akiwa bado amelala, niliimwaga ile chupa na kuisuuza mpaka ikang'aa. Saa mbili muuguzi alipopiga simu, nilimsomea kilichomo.

"Kidogo sana. Hata kijiko hakijai."

"Hongera, mama! Unamtunza vizuri."

Nikavimba kichwa. Siku ya tano wakautoa mrija.

Siku ya nane titi lilikuwa la moto na limevimba. Nilipomvua blauzi, mshono ulikuwa umeachia upande mmoja, na ngozi ya pembeni imeanza kuwa nyeusi. Harufu yake ilinifuata mpaka jikoni. Nilipiga deki nyumba nzima, haikutoka.

Hospitali, muuguzi alipekua faili mara mbili.

"Majimaji yote haya yalikuwa wapi? Vipimo vyenu vilikuwa vizuri. Ulikuwa unamwaga ukishasoma, sivyo?"

Ukishasoma.

"Ndiyo," nikasema.

Daktari hakuzunguka. Nyama imeoza, kesho titi linatolewa. "Kwa miili mikubwa hutokea," akasema, akaandika.

Mdogo wangu hakulia mpaka walipotoka. Kisha akanishika mkono.

"Nisamehe, dada. Umehangaika na mimi wiki nzima, halafu unene wangu umeharibu kila kitu."

Ningesema pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Mkono wangu, ndani ya wake, bado ulinukia sabuni.

"Nimekusamehe," nikamwambia.