Fulana kwa Pete ya Kitwitwi

Wabwire alibwaga gunia juu ya meza ya Mulama, katikati ya mafaili, na harufu ikatangulia salamu.

"Mzee, leo umetuletea mboga?" Mulama aliuliza, akisogeza kikombe chake cha chai.

"Mboga ya kukuua hiyo, boss. Fungua uone."

Mulama hakufungua. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa ofisi ya ndege hapo Busia mjini, ofisi iliyowekwa ijue ni vitwitwi wangapi wanaokuja ziwani kila mwaka wakikimbia baridi ya Ulaya, na kama wanaongezeka au wanapungua. Wabwire alikuwa macho yake kule matopeni, Mto Sio unapoingia ziwani. Alifika darasa la tatu tu, lakini ndege aliwajua: mwenye miguu myekundu, mwenye mdomo uliopinda, na yule mdogo anayekimbia kama ameiba. Kila Januari aliwahesabu kwa kokoto, moja kwa kila ndege mia, akizihamisha kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Januari ya tisini na sita alihamisha kokoto tisini na tatu. Mwaka huu, tisini na saba, zilikuwa kumi na nne.

Alijua wengine wamekwenda wapi. Wazungu kule kwao huwavisha baadhi ya ndege pete za bati mguuni, zenye namba, ili wajue wamefika wapi. Mwaka uliopita Mulama alimtuma atangaze kwamba yeyote atakayeokota kitwitwi aliyekufa mwenye pete, ailete hiyo pete, apewe fulana. Wabwire alimwambia, "Boss, watu hawatangoja ndege afe mwenyewe. Fulana ni fulana." Mulama akacheka, akamvisha fulana ya kwanza. Na Wabwire, kwa kuwa hakutaka kupoteza kazi, akatangaza kanisa baada ya kanisa, kutoka Sigalame mpaka ufukweni.

Mwezi haukuisha. Watu walichukua dawa ya wadudu ya mahindi, ile ya punje za zambarau, wakaichanganya na mchele, wakaumwaga kwenye majaruba ya mpunga vitwitwi wanapokula. Waliua mia tatu wapate pete moja.

"Hawa wako wana pete?" Mulama aliuliza.

"Hakuna hata mmoja. Na wako mia mbili na kumi."

"Basi sina fomu yao."

"Futa hizo fulana, boss. Leo. Huu ni mwezi wa tatu. Mwezi wa nne wanarudi kwao kutaga. Hawa waliobaki wakifa, ni nani atarudi?"

"Mzee, sikiliza. Miaka kumi tulikuwa tumepata pete nne. Tangu fulana zianze, thelathini na moja. Wakubwa wa Nairobi wamefurahi, wageni wanakuja. Sasa mimi niwaandikie nini, kwamba tumekosea?"

"Waandikie wanakufa."

Mulama alitazama saa.

Nje Land Rover ya ofisi ilikuwa inaoshwa. Wabwire aliipita bila kuigusa. Mke wake Petronilla alipotokwa na damu usiku kucha, gari hilo lilikuwa kwao asubuhi, limeleta mizani ya kupimia ndege. Dereva akasema hana ruhusa ya kubeba mtu. Petronilla alikata roho kwenye keria ya baiskeli kabla ya kufika hospitali. Mizani ilirudi Busia salama.

Jumapili alisimama kanisani akasema fulana zimekwisha, mtu asiue tena.

"Zimekwisha kwa nani?" Dolphine, mwenye jaruba la mwisho karibu na matope, alimuuliza mlangoni. "Wewe si umevaa yako?"

Watu wakacheka. Wabwire alijiangalia kifuani, pale kwenye picha ya kitwitwi. Na Jumatano Land Rover ikapita na kipaza sauti: fulana zipo, mzee alikosea.

Alfajiri ya Alhamisi aliingia jaruba la Dolphine na debe tupu na kijiti, akapiga. Vitwitwi waliinuka wote pamoja, wakazunguka juu ya maji, wakarudi. Akapiga tena. Wakainuka, wakarudi. Walikuwa na safari ndefu mbele, na walitaka kula.

Dolphine alikaa juu ya tuta, beseni mapajani, mchele wa zambarau ameshaumwaga wote.

"Piga tu, mzee," alisema. "Utachoka. Wenyewe wana njaa."

Alipiga mpaka jua likapanda na mkono ukafa ganzi. Alipoushusha kidogo kupumzika, walitua, na hawakuinuka tena. Mmoja alianza kuzunguka pale pale kama mlevi, akaanguka kwa ubavu. Dolphine alikunja lesso, akaingia majini, akamshika mguu.

"Hana," alisema, akamtupa, akaenda kwa mwingine.