Manukato Yarudiyo Saa Kumi

Alasiri, kabla manukato hayajarudi, Bi Ndimu alianua nguo. Alianza na mashuka, akafuata magauni yake, akamalizia na mashati ya mumewe. Akafunika sufuria ya mboga kwa sahani nzito, akafunga dirisha la uani, akakaa kwenye kigoda kusubiri. Nguo ikisahauliwa kambani saa hiyo hushika ndimu na chai, na ikishashika, fua usifue, harufu haitoki tena.

Yalikuja kwa njia yao ya kila siku. Yalikata kona kwenye duka la dawa, yakaambaa ukuta wa ghala la sabuni upande wenye kivuli, yakatimua vumbi kidogo langoni. Waliopanga foleni dukani walisogea wakayapisha bila kukatiza mazungumzo yao. Hayaonekani. Unasikia ubaridi kwenye vifundo vya miguu, kama mtu kafungua friji akaisahau, halafu ndimu, halafu chai. Aliyejipulizia asubuhi, ikifika saa kumi yanamtoka yanarudi kwa aliyeyatengeneza, na hayarudi matupu. Mengine yalikuja na chaki ya mwalimu, mengine na maziwa ya mtoto mchanga, mengine na dawa ya kufutia sakafu ya hospitali. Ya wifi yake yalikuja ya mwisho siku zote, na yalinuka ngozi ya kiti kipya.

Kiti hicho kilikuwa kwenye chumba cha kuchanganyia, mahali palipokuwa pa Bi Ndimu.

Duka la manukato lilikuwa la marehemu baba mkwe, na mzee yule alikuwa na utaratibu wake. Manukato mapya yakishatulia, tone la kwanza hupakwa kwenye kiwiko cha aliyeyachanganya, yamjue mwenyewe. Yanayobaki hutiwa kwenye mtungi mkubwa wa kioo, nao huitwa mzizi. Kila pishi jipya huanza kwa kikombe kimoja kutoka kwenye mzizi, na pishi likiiva, mzizi hurudishiwa kikombe chake. Kwa hiyo chupa inayouzwa leo ni kitukuu cha lile tone la kwanza.

Bi Ndimu alipoolewa kwenye ukoo ule alipewa kazi ya kumenya. Alimenya ndimu, machenza na mabalungi, ganda jembamba tu, bila kugusa ule utando mweupe, maana uchungu wote umo humo. Jina lake lilitokana na vidole vyake. Siku moja ya joto kali, manukato mazito ya duka yalipokuwa yakichacha kwenye shingo za watu hata adhuhuri haijafika, yeye aliloweka maganda yake kwenye spiriti pamoja na majani mabichi ya chai aliyoyapitisha kwenye mvuke. Yalitoka mepesi. Mtu aliyejipaka alinukia kama ametoka kuoga sasa hivi, hata akiwa amekwama na wenzake kwenye lifti mbovu. Mzee akacheka kwa furaha, akampaka tone la kwanza kiwikoni kwa mkono wake mwenyewe.

Mzee alipofariki, duka lilishikwa na binti yake mkubwa, ndiye huyo wifi. Msimu wa joto ulipofika na watu wakayagombania yale manukato, wifi akabandika picha yake kwenye chupa na chini yake maneno: Siri ya Ukoo Wetu. Bi Ndimu akauliza yeye ni wa ukoo gani. Akajibiwa kwamba mke wa kuolewa ni mgeni, na mgeni hashiki ufunguo wa ndani. Ufunguo wa chumba cha kuchanganyia akanyang'anywa hapohapo, mbele ya mumewe, ambaye alikuwa akijaza chupa na hakumwaga hata tone.

Kosa la wifi lilikuwa moja: ubahili. Angeumwaga mzizi, mambo yangeishia pale. Lakini mtungi mzima? Hakuweza. Alijaribu kutengeneza mzizi wake, akajipaka tone kiwikoni, akapata kitu kilichonuka kitambaa cha kufutia meza. Akarudi kwenye mtungi wa mwenzake, akaendelea kuchota. Wiki ileile ndipo manukato yalipoanza kuondoka saa kumi.

Wateja walikuja kulalamika. Wifi aliwaambia kizuri hakidumu, akawauzia chupa ya pili ya kujipulizia jioni. Mzee mmoja kinyozi alisema amezoea kusikia kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, ila hiki ni cha kwanza kukiona kinafanya yote mawili. Watu walicheka. Baadhi yao waliyafuata manukato yao kwa miguu mpaka langoni kwa Bi Ndimu, wakamsalimia, wakaomba maji ya kunywa, wakamwambia vyaelea vimeundwa na sasa wamemwona muundaji. Kisha walirudi dukani kununua kwa wifi.

Naye Bi Ndimu akabaki nayo. Chumba chake kilijaa mpaka mto wa kulalia ukawa wa baridi. Chakula chote kilikuwa na ladha ya ndimu, uji ndimu, mkate ndimu. Majirani waliumwa kichwa, na mwenye nyumba akamwambia dirisha la mbele lisifunguliwe tena. Alikuwa na hasira, na hakuificha. Alitaka jambo moja: wifi yake aseme mbele za watu, kwa mdomo wake, kwamba kazi hii ni ya mke wa mdogo wangu. Likisemwa hivyo hadharani, ufunguo ungerudi, maana hakuna ambaye angevumilia kuona mwenye kazi kakaa nje. Hilo alilijua, na wifi alilijua zaidi.

Chama cha wafanyabiashara kikaamua kumpa wifi ngao kwa ajili ya manukato ya msimu wa joto. Mume akamwambia Bi Ndimu aje. "Dada ameniahidi," alisema. "Siku hiyo atasema."

Ukumbi ulikuwa na joto la kuivisha ndizi. Feni zilizunguka kwa hiari yao. Wageni wote walikuwa wamejipulizia, kwa heshima ya shughuli, na Bi Ndimu akapewa kiti cha plastiki nyuma kabisa, karibu na mlango. Mumewe alisimama mlangoni kupokea wageni. Wifi akapokea ngao, akashika kipaza sauti, akaanza kushukuru. Alimshukuru baba. Aliishukuru benki ya mtaani, fundi wa jenereta, dereva, na mama anayefagia. Bi Ndimu alikuwa amekwishanyosha gauni tayari kusimama.

Ikafika saa kumi.

Manukato yaliwatoka wageni safu kwa safu, kuanzia mbele. Wanawake wakainua mikoba yao kutoka sakafuni ili yapite, wanaume wakakunja miguu. Mwenyekiti wa chama akawaomba walio nyuma waache njia katikati. Yalikwenda yote mpaka kwenye kiti cha plastiki, yakajikusanya pale, hata shungi la mama aliyekaa jirani likaanza kupepea, naye akalishika kwa mkono. Wifi alinyamaza akiyasubiri yapite, kama mtu anayesubiri lori livuke barabara. Mwishowe ya kwake yalimtoka shingoni, yakashuka ngazi za jukwaa, yakapita katikati ya ukumbi na kile kinuko chake cha ngozi, yakaenda kulala miguuni kwa Bi Ndimu. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama.

"Na mwisho," wifi akasema, "nawashukuru wateja wetu, wanaojua kwamba baada ya saa kumi ni kujipulizia tena."

Wakapiga makofi. Bi Ndimu akasimama.

"Wifi, umesahau mtu mmoja."

"Sijasahau, wifi," wifi akajibu kwenye kipaza sauti, kwa upole kabisa. "Nimekuacha."

Kisha mtu akasema humu ndani hewa imekuwa nzito, na mume wa Bi Ndimu akafungua mlango, akaushikilia vizuri ili manukato yatoke. Mkewe alipita, na mume hakuinua macho. Nyuma yake vizibo vya soda vilianza kufunguliwa.

Jioni mume alirudi nyumbani, akala, akasogeza sahani.

"Lakini watu wote wameona," alisema.

"Walikuwa wanajua tangu zamani. Nilitaka mtu aseme. Hata wewe ungesema."

"Yule ni dada yangu mkubwa."

"Na mimi?"

Akanawa mikono. Akasema mboga imezidi ndimu, akaenda kulala.

Haukupita muda mrefu, chupa mpya zilitoka dukani. Picha ya wifi ilikuwa kubwa kuliko ya zamani, ameshika ngao, na chini yake imeandikwa: Hudumu mpaka saa kumi. Zilinunuliwa sana. Duka la dawa lilichora mstari mweupe ukutani kuonyesha foleni isimame wapi ili manukato yapate njia, na watoto wa shule wakafundishwa kutokimbia kukatisha njia hiyo.

Bi Ndimu aliendelea kuanua nguo alasiri. Alianza na mashuka, akafuata magauni yake, akafunika sufuria, akafunga dirisha. Mashati ya mumewe aliyaacha kambani, yote, yakiwa yametandazwa vizuri na vibanio vyake. Asubuhi iliyofuata mume alivaa mojawapo, akaenda dukani kwa dada yake kujaza chupa. Saa kumi ilifika, watu wote wakaishiwa harufu, na yeye peke yake akaendelea kunukia ndimu na chai mpaka duka linafungwa. Wifi alimwambia ahamishie kiti chake karibu na dirisha.