Herufi ya Kwanza ya Osnova

Mhandisi Drumev aliweka mezani kompyuta isiyo na kitu ndani, tupu kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Sharti mnalijua," alisema. "Anayesakinisha ni mtu mwingine, anafuata karatasi ya maelezo tu. Wewe Zornitsa, ulimi wako uufungie kabatini."

Zornitsa alimpakata vizuri Yoana, bintiye wa mwaka na miezi kumi, aliyekuwa akitafuna gevrek, mkate wa pete, na kumwagia mama yake ufuta. Ijumaa likizo ya uzazi ingekwisha. Karakana ya programu ya Drumev ilikuwa na nafasi moja ya mwanagenzi, kazi ya kufanyia nyumbani. Akiikosa, angerudi kiwandani kushona kwa zamu, na Yoana angepelekwa kijijini kwa bibi yake, wawe wanaonana Jumapili.

Alichokileta kuombea nafasi hiyo ni maktaba ya programu iitwayo Osnova, aliyoijenga miezi minane katika masomo ya jioni na kuiacha huria, yeyote aichukue na kuibadili. Kazi yake ni kubuni majaribio. Unaionyesha programu yako na kuieleza inavyopaswa kufanya, nayo inairushia vituko mia mbili: namba hasi, jina tupu, tarehe isiyokuwepo, mpaka ipate pa kuiangusha.

Aliyeketi kuisakinisha ni shangazi Velichka, mkutubi wa chitalishte ya Sevlievo, nyumba ya utamaduni walimokuwa. Hajui lolote kuhusu programu, na haoni haya kusema hajui. Alivaa miwani, akabonyeza kibodi kwa kidole kimoja.

"Mstari wa kwanza, tayari. Wa pili, tayari. Sasa, 'jenga osnova'. O, s, n, o, v, a. Haya, jijenge!"

Skrini ilijibu: faili osnova haipo.

"Haipo vipi?" Velichka aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. "Jina si hili hapa naliona? Miaka thelathini nina maktaba yangu humu ndani, na hakuna kitabu hata kimoja kilichowahi kuniambia hakipo huku nimekishika!"

"Aipo!" Yoana alidakia, akacheka.

Zornitsa aliuma ulimi. Velichka alirudia mara tatu, kisha akainua mikono. "Nimekwama, Mhandisi. Nisamehe, mwanangu."

"Mwandishi arekebishe," alisema Drumev, "halafu shangazi aanze upya. Lakini saa kumi na moja wacheza ngoma ya horo wanataka ukumbi wao, na wale hawana huruma." Ilikuwa saa kumi na nusu.

Zornitsa alifungua kompyuta yake mwenyewe. Humo maktaba ilijengeka mara moja, bila kusita, na hilo ndilo lililomtatiza. Maneno yaleyale! Alikuwa na tofauti gani na Velichka?

Akakumbuka vidole vyake. Yeye jina lile haliandiki. Kwa uvivu, au kwa kuwa mkono mmoja siku zote una mtoto, hulinakili kutoka orodha ya faili na kulibandika. Velichka analiandika.

Njia ya mkato ilimjia: aongeze tu kwenye karatasi, 'nakili jina, usiandike'. Ingepita. Kisha kila atakayeipakua na kuliandika jina angekwama palepale.

"Hapana," alinong'ona, na badala yake akaielekeza maktaba iijaribu hatua yake yenyewe ya kujenga. Miezi yote hakuwahi kuijaribu kwa dawa yake. Ikaanza kubuni majina: osnova kwa herufi kubwa, osnova yenye nafasi, osnova ya herufi zinazofanana kwa sura. Yote yalianguka. Moja likasimama, lile ambalo o yake ya kwanza ilikuwa ya Kisirili, herufi za Kibulgaria.

Zornitsa alijipiga paji la uso. "Mungu wangu, ni supu!"

"Supu gani tena?" Drumev aliuliza.

"Niliandika jina vibaya, 'asnova'. Nikaenda kumjibu mama mkwe aliyeniuliza habari ya supu, kwa herufi zetu. Niliporudi kusahihisha ile a, kibodi bado ilikuwa ya Kibulgaria. O yetu na o ya Kilatini, kwa macho ni kitu kimoja."

"Kwa hiyo mimi sikukosea?" Velichka aliuliza.

"Hukukosea, shangazi. Ni mimi."

"Basi niandikieni hilo, nitalitundika ukutani!"

Jina likasahihishwa. Velichka alianza upya, kidole kimoja, mstari kwa mstari, huku nje viatu vya wachezaji vikigonga ngazi. Jenga. Skrini ilijaza mistari, ikatua: imesakinishwa.

Drumev alichomeka programu ya karakana yake mwenyewe, ya kupangia zamu za zahanati, akairuhusu maktaba iishambulie. Sekunde kumi na moja. Muuguzi wa kubuni aliyezaliwa tarehe ishirini na tisa Februari aliiangusha chini.

"Miaka minne programu hii inafanya kazi," alisema taratibu, akamgeukia Zornitsa. "Jumatatu, mwenzangu, utaanza na huyu muuguzi."

Zornitsa alimbana Yoana mpaka mtoto akalalamika.