Hakuna Mtu Ukutani

Siku tatu nzima Ipu hakumsemesha mumewe wala hakumkatia mkate. Kenna alikuwa mchonga mawe, na mfalme alikuwa ameamuru sura na jina la malkia Hatshepsut, aliyekufa zamani kidogo, vifutwe kwenye kila ukuta. Fundi aliyepewa hekalu la bondeni ni nani? Kenna! Na ukuta wenyewe aliuchonga nani? Huya, baba yake Ipu, ambaye vumbi la mawe yale yale lilimla macho.

"Mama Senet, mimi nimetumwa tu," Kenna alikuwa amemjibu mkewe siku alipoipokea kazi hiyo. "Mjumbe hauawi."

"Mjumbe hubeba maneno. Wewe umebeba patasi!"

Leo ilikuwa Sikukuu ya Bonde, watu wanapokwenda kula na wafu wao, na kila mwaka Huya hupelekwa kuupapasa uso ule wa malkia. Mzee hakuwa ameambiwa kitu. Nani angeanza? Ipu alimwongoza kwa mkono, na Kenna akafuata nyuma na kikapu cha vitunguu na bia, kichwa chini, watoto wa jirani wakiandamana nao.

Walipofika, Senet, binti yao wa miaka saba, aliyeletwa kwa mara ya kwanza, akautazama ukuta uliochimbwachimbwa. "Mama, hapa palikuwa na nani?"

"Hakuna mtu hapo," akadakia msimamizi wa hekalu akipita. "Wala hajawahi kuwepo."

Loo! Hapo Ipu akapasuka.

"Ati hajawahi kuwepo! Senet, kaa chini. Na nyie watoto wa jirani, kaeni. Huyu alikuwa Hatshepsut, binti wa mfalme, akaolewa na mfalme, akafiwa akiwa bado kijana. Mrithi alikuwa mtoto wa mke mwenziwe, hajui hata kupenga kamasi. Nani aliishika nchi? Yeye! Mwisho akavaa taji mwenyewe, na ndevu za bandia akajifunga kidevuni."

"Ndevu? Mwanamke?" Watoto wakaangua kicheko.

"Chekeni tu, lakini wanaume wenye ndevu zao walimwinamia! Alituma merikebu mpaka nchi ya mbali ya Punt, zikarudi na miti ya ubani, mizizi imo vikapuni. Niliiona kwa macho yangu, nikimletea babu yenu chakula hapa hapa. Akasimamisha minara ya jiwe moja moja, ukiitazama shingo inauma. Na tulikula tukashiba!"

"Kwani huyo mtoto wa kamasi ndiye mfalme wa sasa?" Senet akauliza. "Malkia alimkosea nini?"

"Alimlea," Ipu akasema. "Fadhila za punda ni mateke."

"Shhh! Utatuponza, mama Senet!" Kenna akanong'ona.

Ndipo Ipu alipokumbuka kwamba baba yake alipofuka macho, si masikio. Huya alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Vidole viligusa makovu ya patasi, vikasita, kisha vikaanza kutembea polepole.

"Nani kafanya kazi hii?"

"Mimi, baba," Kenna akasema.

Vidole vya mzee vikashuka kwenye paji la uso, vikapita puani, vikafika kidevuni.

"Umefuata ukingo wangu. Hukuukosa hata kwa unywele."

"Niliambiwa nimtoe, baba. Sikuambiwa niusawazishe ukuta."

Ipu akageuka, na kwa mara ya kwanza akautazama ukuta sawasawa, maana hasira hazikuwa zimempa nafasi. Pale pote palipochimbwa palikuwa na umbo lile lile: taji, pua, ndevu. Hata mpita njia angemjua.

Huya akakishika kidole cha Senet, akakipitisha ukingoni taratibu. "Haya, mjukuu wangu. Anaitwa nani?"

"Hatshepsut!" Senet akapaza sauti, na watoto wa jirani wakaitikia jina lile kwa pamoja. Kule mbali msimamizi akageuka.

Ipu akamkatia Kenna mkate, kipande kikubwa. Hasira zake zilikuwa bado zinachemka, lakini hazikuwa za mumewe tena.