Jenereta ya Koridoni

Ijumaa saa kumi alasiri Itohan alipanga katoni za samaki ndani ya friza, akafuta maji sakafuni, akakaa kumsubiri mumewe aje kuwasha jenereta. Osaze alikuwa amekufa tangu Februari. Alifika kwa wakati, akapangusa plagi kwa pindo la shati, akavuta kamba mara tatu, mashine ikanguruma. Itohan kamba ile ilimshinda siku zote.

Mama Uyi wa mlango wa pili alipita na ndoo.

"Baba Eki!" akapaza sauti. "Ukimaliza pitia na kwangu, yangu imenuna tangu jana!"

"Nakuja! Na wewe acha kuivuta kwa hasira!"

Transfoma ya mtaa ililipuka miaka miwili nyuma, na watu wa shirika la umeme hawakuwahi kuja kuitazama. Fundi aliyejua kazi hakukataliwa kwa sababu ya kufa.

Itohan alikuwa na jambo moja tu la kumwambia mumewe. Jenereta yao ya kwanza iliibwa uani, na ni yeye aliyeshikilia kwamba hii ikae koridoni, ifungwe mnyororo mlangoni, kama wenzao wote walivyofanya. Siku ya harusi ya dada yake aliondoka na binti yao Eki. Mvua ikanyesha, Osaze akafunga madirisha, akajilaza kidogo mashine ikiwaka. Moshi ulimkuta usingizini.

Sasa mashine ikiwaka hawakusikizana ila kwa kupaza sauti, na jambo hilo halikuwa la kupaziwa sauti; na ikizimwa Osaze alikwenda zake. Ijumaa hiyo Itohan alijisemea samaki na waoze. Akaizima, akamshika mkono kabla hajageuka.

"Ni mimi niliyesema ikae ndani. Nisamehe."

"Na mimi si nilikubali? Tuliogopa wezi, basi." Akaitazama mashine. "Itoe nje, Itohan. Leo hii. Mtoto analala humu."

"Nikiitoa, utakuja?"

"Uani sifiki. Mwisho wangu ni hapa koridoni."

"Basi nitaitoa," akasema Itohan.

Osaze akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Kesho yake wanaume wawili wa jirani walikuja kumsaidia kuibeba. Itohan akawashukuru, akawaambia warudi wiki ijayo. Kisha akafungua dirisha la chumba cha Eki, akaliegemeza kwa tofali lisijifunge, akarudi koridoni kumsubiri mumewe.