Mama Alipoamkia Jioni

Mama alipasuliwa kutolewa mawe ya nyongo, akalala kwa nusu kaputi tangu asubuhi hadi alasiri. Aliporuhusiwa, binti yake, mtafiti wa nyuki, akamchukua kwake amuuguze.

Wakwe wa binti walikuja kumjulia hali jua likiwa linazama. Mama akatoka chumbani uso umekunjuka, akawauliza wameamkaje, kisha akamwambia binti awapikie chai wafungue kinywa. Wakwe wakatazamana. Binti akaona uso unamwaka, akacheka kicheko cha kulazimisha.

“Msimjali,” akasema. “Uzee huo. Akili zimeanza kumruka.”

Mama alisikia. Akawaaga kwa adabu, akarudi ndani polepole, mkono umeshika tumbo.

Tangu hapo akawa mtu wa kunyamaza. Kabla ya kutoka chumbani huchungulia mlangoni kwanza: “Mwanangu, sasa ni asubuhi au jioni? Nisije nikakutia aibu tena.” Binti humjibu juu juu huku akifunga viatu, awahi kazini.

Kule kazini walikuwa wakiwalaza nyuki asubuhi kwa dawa ya usingizi, kisha wakiwaachia waende zao. Siku moja walikuja wanafunzi kutazama. Nyuki waliozinduka wakaruka, wakashika njia siyo. Mwanafunzi mmoja akacheka, akasema hao wamerukwa na akili.

“Hawajarukwa na akili,” binti akamkatiza. “Nyuki hushika njia kwa jua na kwa saa iliyomo mwilini mwake. Walipolala, saa hiyo ilisimama, jua likaendelea na safari. Kwao bado ni asubuhi. Si haki kuwacheka...”

Akaishia hapo. Akajifanya anakohoa, akamwachia mwenzake amalizie.

Alipofika nyumbani aliketi miguuni pa kitanda cha mama, akamweleza yote bila kuinua uso: kwamba huenda ni ile dawa ya nusu kaputi iliyomvuruga, na kwamba yeye, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, hakufikiria hata kidogo.

“Kumbe nyuki uliwatetea,” mama akasema taratibu. “Na wakwe zako, umewaambia?”

Hakuwa amewaambia. Akampigia mama mkwe palepale, akasema mama yake yuko timamu, aliyekosa adabu ni yeye. Mama mkwe akamjibu kwamba hayo yamekwisha.

Mama akageukia ukutani. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Binti akabaki na simu mkononi, hajui aondoke au akae. Akakaa.